Mwenyekiti ni baba yangu mdogo, nitaulizaje fedha za zahanati?

*Mshauri, mimi ni mkulima wa pamba na mtama, nina miaka 36, naishi kijiji kimoja hapa Wilaya ya Bariadi. Miaka mitatu iliyopita mkutano mkuu wa kijiji ulipitisha kila kaya itoe shilingi 15,000 pamoja na mawe na mchanga ili tujenge zahanati. Tulitoa, na boma likafika kwenye lenta. Baadaye diwani akatutangazia kwamba serikali imeleta fedha za kumalizia. Leo upande mmoja umeezekwa, upande wa pili mvua inanyesha ndani, na mafundi wameondoka. Mke wangu alijifungulia njiani tukimpeleka hospitali. Kwenye mkutano uliopita nilisimama nikauliza: fedha zetu ziko wapi? Mwenyekiti akasema nimetumwa, mimi ni mchochezi. Mwenyekiti huyo ni baba yangu mdogo, ndiye aliyenilipia ada ya sekondari baba alipofariki. Sasa ukoo umegawanyika na mama ananitaka niombe radhi. Nimesikia kuna sheria ya kudai taarifa serikalini. Nikiitumia, si nitakuwa nimemshitaki baba yangu? Na wakinikamata?*

*Mkulima, Wilaya ya Bariadi*

Mwanangu, nianze na mama watoto. Mpe pole sana kutoka kwangu, na nashukuru kusikia kuwa yupo. Mwanamke aliyejifungulia barabarani ana haki ya kujua kwa nini zahanati ya kijijini kwake haijakamilika, na mumewe akiuliza kwa niaba yake hajavunja adabu ya mtu yeyote. Mama yako anataka amani ya ukoo, na ninamwelewa. Lakini kwa kuuliza usiombe radhi. Kama sauti ilipanda mbele ya watu, hilo unaweza kwenda kulizungumza na baba yako mdogo faraghani, ukamaliza.

Tazama lakini swali lenyewe. "Fedha ziko wapi?" likitupwa mkutanoni, anayeulizwa hulisikia kama tuhuma. Mbele ya wazee, wakwe na vijana wa sungusungu, atajitetea kwanza. Atakuita mchochezi kwa sababu hilo ndilo jibu lililo karibu. Na huenda hana jibu jingine. Nimefuatilia mambo ya halmashauri kwa miaka mingi, na ninaona wananchi wengi hawaambiwi jambo moja la msingi: fedha iliyotengwa kwenye bajeti si fedha iliyopokelewa. Diwani anaporudi kutoka Baraza la Madiwani na kutangaza kwamba mradi wenu umewekewa milioni 50, yawezekana kabisa amesoma kitabu cha bajeti tu. Fedha inaweza kutoka yote, ikatoka nusu, au mwaka wa fedha ukafungwa Juni 30 haijatoka hata shilingi. Kama ilitoka, inaweza kuwa imelipwa kwa mzabuni ambaye bado hajaleta mabati. Vilevile inaweza kuwa imeliwa. Kutoka pale uliposimama huwezi kujua lipi limetokea, na wenzako hawawezi. Pengine baba yako mdogo naye hajui. Viongozi wengi wa vijiji waliingia baada ya uchaguzi wa Novemba 2024 na kukuta mafaili ya waliowatangulia yakiwa pungufu.

Kwa hiyo acha kumtafuta mtu, tafuta karatasi. Ushauri wangu wote umesimama hapo.

Karatasi zenyewe zipo, na ukizijua kwa majina hakuna atakayekuzungusha. Majengo ya vijijini siku hizi mengi hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi mkubwa: fundi wa hapo hapo, na kamati za wananchi zikisimamia. Kuna kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi. Hii ya mwisho ndiyo ninayotaka uiangalie kwa makini. Saruji ikishushwa, wajumbe wa mapokezi huhesabu mifuko, hulinganisha na hati ya mzabuni, kisha husaini. Bati halitakiwi kuingia stoo bila wao. Kama kijijini kwenu kuna mama aliyechaguliwa kamati ya mapokezi na hajawahi kuitwa kuhesabu kitu, hilo peke yake ni jambo la kuandikwa kwenye muhtasari. Kuna leja ya vifaa inayoonyesha kilichoingia na kilichotoka. Kuna hati za malipo, taarifa ya benki ya akaunti iliyopokea fedha, na jedwali la gharama linalosema paa lote lilihitaji mabati mangapi. Na kuna daftari la michango yenu: majina ya kaya, kiasi, saini au dole gumba. Tafuta stakabadhi yako ya shilingi 15,000. Kama hukupewa, andika ulilipa lini, kwa nani, na nani alikuwepo.

Kabla ya barua yoyote, nenda nyumbani kwa baba yako mdogo. Usiende peke yako. Chukua mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili. Mweleze kwamba utaomba kumbukumbu za mradi kwa maandishi, wewe na wenzako, na kwamba hujamtaja yeye popote. Mwambie mapema ili asije akalisikia kilabuni. Akikuambia "karatasi hizi hapa, zisome", mambo yamekwisha. Akisema hana, mwombe naye atie saini barua ya kuziomba halmashauri. Kiongozi safi atafurahi kusafishwa na karatasi, na yeye aliyekusomesha anastahili kupewa nafasi hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Hatua ya pili ni mkutano mkuu wa kijiji. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, huo ndio wenye madaraka ya juu kijijini, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake. Unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Anayeandika muhtasari ni mtendaji wa kijiji. Safari hii usisimame na hasira. Simama na hoja moja: "Naomba mkutano uagize taarifa ya mapato na matumizi ya mradi wa zahanati isomwe, na nakala ibandikwe kwenye mbao za matangazo." Omba iandikwe kwenye muhtasari. Wakikataa kuisoma, kukataa huko nako kuandikwe.

Sasa sheria uliyoisikia. Ni Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016. Mzizi wake ni ibara ya 18 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha ya wananchi na kwa jamii. Sheria hii inampa raia wa Tanzania haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa mamlaka za umma, halmashauri zikiwemo. Ombi hufanywa kwa maandishi. Asiyeweza kuandika kwa sababu hakusoma au ana ulemavu anaruhusiwa kueleza kwa mdomo, na ofisa anapaswa kumwandikia. Waambie hayo wazee wenu. Halmashauri inatakiwa kujibu mapema iwezekanavyo, na isizidi siku 30. Inaweza kukutoza gharama halisi ya kutoa nakala. Inaweza pia kukunyima baadhi ya mambo, kama ya usalama wa taifa au yanayoingilia faragha ya mtu. Kwa hiyo usiombe mishahara ya watu wala mafaili ya wagonjwa. Omba saruji na mabati.

Barua iwe fupi. Iandike hivi: "Sisi wakazi wa kijiji hiki tuliotia saini hapa chini, tunaomba, kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016, nakala za kumbukumbu zifuatazo za ujenzi wa zahanati yetu: kiasi kilichotengwa na kiasi kilichopokelewa kila mwaka wa fedha tangu mradi uanze, taarifa ya benki ya akaunti ya mradi, hati za malipo, hati za mapokezi ya vifaa, na jedwali la gharama." Weka majina, anwani na namba ya simu ya mmoja wenu. Usiongeze neno "ubadhirifu", wala "wizi", wala "tunashangaa". Kila neno la hasira mtakaloliweka litampa ofisa sababu ya kujibu hasira yenu na kuziacha hati kando.

Ipelekeni wapi? Hapa Bariadi watu wengi hupotea. Kuna Halmashauri ya Mji wa Bariadi na kuna Halmashauri ya Wilaya ya Bariadi, na kila moja ina mkurugenzi wake na mafaili yake. Kijiji chenu kama kiko upande wa wilaya, barua iandikwe kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, nakala kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na diwani. Ipeleke masjala, si kwa ofisa unayemfahamu kwenye korido. Nenda na nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi nawe. Usiondoke bila mhuri. Ile nakala yenye mhuri ndiyo itakayokutetea siku wakisema hawajawahi kukuona.

Umeuliza kuhusu kukamatwa. Kuandika barua ya kuomba taarifa kwa utaratibu wa sheria si kosa. Hatari iko kwingine. Sheria hiyo hiyo inamwadhibu anayeipotosha taarifa aliyopewa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo mtandaoni. Kwa hiyo usimwite mtu mwizi kwenye grupu la WhatsApp la kijiji, usikate kipande cha hati ukakisambaza, na usipige picha ukaandika juu yake usichoweza kukithibitisha. Hati zikija, zisomeni kama zilivyo, mkutanoni, mbele ya watu wote. Na msiwe wawili au watatu. Saini 20, nusu yake za kina mama wanaokwenda kliniki kwa miguu, haziwezi kuitwa mtu mmoja aliyetumwa.

Kwamba taarifa ikiwekwa wazi ina nguvu, majirani zetu Uganda walikwisha kuliona. Uchunguzi wa shule za msingi 250 kwa miaka ya 1991 hadi 1995 uligundua kwamba katika ruzuku ya uendeshaji iliyotumwa na serikali kuu, wastani wa asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikabandika kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 kilichofika kilizidi asilimia 80. Wataalamu wanabishana ni sehemu gani ya mabadiliko hayo ilitokana na magazeti na ipi ilitokana na hatua nyingine za serikali, na ubishi huo ni wa haki. Lakini mzazi aliyejua kiasi kilichotumwa aliweza kumuuliza mwalimu mkuu kwa takwimu, jambo ambalo kabla ya hapo halikuwezekana.

Sitakuficha udhaifu wa sheria yetu. Mkinyimwa, mnaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi ndani ya siku 30, na asipowaridhisha mnakata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya sheria. Mkulima wa Bariadi kumfikia Waziri si jambo jepesi. Kenya, kwa sheria yao ya mwaka huo huo wa 2016, jibu linatakiwa ndani ya siku 21 na malalamiko yanakwenda kwa tume inayojitegemea. Naamini Bunge letu linapaswa kuturekebishia hapo. Hadi siku hiyo, njia iliyopo ndiyo hii, na inafanya kazi zaidi kwa wenye subira na kumbukumbu nzuri kuliko kwa wenye kelele.

Tumieni pia vilivyo wazi tayari. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti maalumu ya Serikali za Mitaa, inayowasilishwa bungeni mwezi Aprili. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kuipakua na kutafuta jina la halmashauri yenu. Vikao vya Baraza la Madiwani ni vya wazi; nendeni wachache mkakae, mkasikilize. Na ikiwa hati zitaonyesha kwamba mabati yalilipiwa, yakasainiwa kuwa yamepokelewa, na hayapo, basi hapo jambo limevuka mipaka ya kuuliza. Zipelekeni TAKUKURU, au pigeni 113, bure.

Ukiniuliza kama utakuwa umemshitaki baba yako mdogo, jibu langu ni hapana. Kuomba hesabu ya kilichotolewa na kijiji kizima si kesi ya ukoo. Kama mikono yake ni safi, barua hii ndiyo itakayomwondolea minong'ono anayoisikia kila akipita gulioni. Kama si safi, aliyemfikisha hapo si wewe.

Nenda kwake kwanza, wiki hii kabla msimu wa kazi shambani haujawabana. Kisha andikeni barua. Hesabu siku 30 kuanzia tarehe ya mhuri, na siku ya 31 ikifika bila jibu, ombi la mapitio liwe masjala asubuhi hiyo.