Kambare Mmoja, Majina Matatu: Maswali na Majibu

Barua nyingi kutoka Choma, Igunga na Tabora mjini zinazunguka jambo moja. Kambare yuleyule anaitwa Clarias mossambicus katika vitabu vya zamani vya Afrika Mashariki, Clarias lazera katika maandishi ya Misri na Afrika Magharibi, na Clarias gariepinus katika mafunzo ya ufugaji ya siku hizi. Maswali ya darasani kuhusu jina la kisayansi ni nini nimeyaweka kando. Nimechukua yale yanayonitia wasiwasi, kwa kuwa mkanganyiko huu unawagharimu wafugaji fedha na unazika utafiti mzuri uliokwisha fanyika.

Swali: Kambare wa mbuga ya Wembere na yule wa Mto Ugalla wameandikwa kwa majina tofauti. Je, ni samaki wawili?

Ni mmoja. Mashaka yenu yana msingi, maana mkoa wa Tabora umekaa juu ya mgawanyiko wa maji. Maji ya upande wa Choma huingia Mto Manonga, yakatanda Wembere, yakafika Ziwa Kitangiri na hatimaye Eyasi, ziwa lisilo na njia ya kutokea baharini. Maji ya Ugalla huingia Malagarasi, yakafika Ziwa Tanganyika na kutoka huko yakaenda Kongo.  Kwa samaki wengi mpaka huo una maana kubwa: perege wa asili wa Eyasi na Kitangiri ni Oreochromis amphimelas, na Malagarasi ina wake, Oreochromis malagarasi. Anayeshuku kwamba kambare nao wamegawanyika hivyo anafikiri vizuri.

Lakini kambare ana maumbile yanayomvusha mipaka ya namna hii. Juu ya matamvua yake kuna kiungo cha kupumulia hewa, hivyo huvumilia dimbwi lililobaki tope, na mvua ikinyesha hutambaa kwenye majani mabichi kutafuta maji mengine. Ndiyo maana ameenea kutoka Mto Orange kusini mwa Afrika, kupitia kwetu, hadi Nile, na kuendelea hadi Syria na Uturuki. Wataalamu wa karne ya 19 walimkuta kila mmoja kwenye kona yake. William Burchell, msafiri Mwingereza, alimpa jina gariepinus mwaka 1822 katika kitabu cha safari zake za kusini mwa Afrika. Achille Valenciennes wa Ufaransa aliandika lazera mwaka 1840 kwa samaki wa Nile. Wilhelm Peters wa Berlin, baada ya miaka yake Msumbiji, aliandika mossambicus mwaka 1852. Albert Günther akaongeza orontis mwaka 1864 kwa samaki wa Mto Orontes. Kwa zaidi ya miaka 100 kila eneo la Afrika likaendelea na jina lake.

Aliyewaweka meza moja ni Guy Teugels wa Ubelgiji, kwa uchunguzi aliouchapisha mwaka 1982 na marejeo makubwa ya jenasi nzima mwaka 1986. Alipima kambare wa bara zima kwa vipimo vilevile. Kipimo kimoja kinastahili kuelezwa. Wataalamu wa awali walitegemea idadi ya vijiti vya kuchujia chakula vilivyo kwenye tao la kwanza la matamvua. Idadi hiyo huongezeka samaki anapokua. Ukihesabu kambare mdogo wa mto mmoja na mkubwa wa mto mwingine, utapata spishi mbili ambazo hazipo. Walipolinganishwa samaki wa urefu unaofanana, lazera, mossambicus na gariepinus waliingiliana kabisa. Clarias anguillaris, mwenye vijiti vichache zaidi, alibaki peke yake, na senegalensis akaingizwa kwake. Teugels basi hakuunganisha kila alichokikuta: spishi tano alizozichunguza zilibaki mbili.

Swali: Kwa nini gariepinus ndilo lililoshinda? Mossambicus limezoeleka kwetu, na majina mapya ya wataalamu yanatuchosha.

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote, na nitalijibu kwa urefu. Gariepinus si jina jipya. Ni la 1822, miaka 30 kabla ya mossambicus. Kilichokuwa kipya miaka ya 1980 ni uamuzi kwamba samaki ni mmoja, na uamuzi huo ulipokubalika, jina lilijichagua lenyewe kwa tarehe. Watu wanachanganya mambo mawili ambayo kila moja lina njia yake ya kuamuliwa. La kwanza ni la kibaiolojia: je, hawa ni spishi moja au tatu? Hilo linaamuliwa kwa ushahidi, kwa vipimo, kwa vinasaba, na linaweza kufunguliwa tena kesho. La pili ni la kisheria: spishi moja ikiwa na majina matatu, lipi litumike? Hilo linaamuliwa na Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, zinazohesabu majina tangu kitabu cha Linnaeus cha 1758, na kanuni yake kuu ni kwamba jina la kwanza kuchapishwa ipasavyo ndilo halali. Ni kama kesi ya shamba: kwanza mpimaji aonyeshe mpaka uko wapi, ndipo baraza liangalie nani ana hati ya mapema. Anayeleta hati kuthibitisha mpaka amekosea, na anayebishania mpaka ili kuokoa hati yake amekosea zaidi.

Pingamizi linalostahili heshima ni hili: je, mazoea hayana uzito? Yana uzito, na Kanuni zimeliona. Jina la zamani lililosahaulika haliwezi kufufuliwa ovyo likaangusha jina linalotumiwa na wote. Lakini masharti ni makali. Jina hilo la zamani liwe halijatumika kama jina halali baada ya 1899, na jina linalolindwa liwe limetumika katika maandishi yasiyopungua 25, ya waandishi wasiopungua 10, ndani ya miaka 50 iliyotangulia. Mossambicus inatimiza sharti la pili bila shida. Inaanguka kwenye la kwanza, kwa sababu gariepinus halikusahaulika: wataalamu wa kusini mwa Afrika walilitumia karne nzima ya 20. Kulikataa kungewataka wao waache mazoea yao ili sisi tubaki na yetu, na hakuna hoja ya haki inayosimama upande huo.

Wapo wanaosema Burchell alikuwa msafiri tu na maelezo yake ni mafupi, hivyo Peters, mtaalamu wa kweli wa wanyama, apewe nafasi. Kanuni hazipimi ubora wa mwandishi wala urefu wa aya. Zinauliza kama jina lilichapishwa pamoja na maelezo, na lini. Sharti hili linaonekana baridi, lakini mbadala wake ni kila kizazi kubishana upya juu ya nani alikuwa mtaalamu bora. Hata tarehe ya kweli ya kuchapishwa huchunguzwa. Maelezo ya Günther kuhusu samaki waliokusanywa Ziwa Tanganyika na mmisionari Edward Coode Hore yamo katika juzuu la 1893 la Chama cha Zuolojia cha London, lakini juzuu lilitoka 1894, na ndiyo sababu Oreochromis tanganicae huandikwa (Günther 1894).

Swali (limeunganishwa kutoka barua kadhaa za wafugaji): Tumeuziwa vifaranga vya “lazera” kwa bei ya juu, tukaambiwa ni aina ya kisasa inayokua haraka kuliko gariepinus. Ni kweli?

Si kweli, na anayewaambia hivyo ama hajui anachouza ama anajua vizuri sana. Lazera na gariepinus ni majina mawili ya spishi moja. Hakuna kifaranga kinachoweza kuwa lazera bila kuwa gariepinus. Kinachotofautiana kweli ni koo za wafugaji. Uholanzi, kwa mfano, kuna ukoo wa gariepinus uliochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ukuaji wa haraka, na bado ni gariepinus. Pia kuna chotara wa gariepinus na Heterobranchus longifilis, samaki mkubwa anayepatikana pia bonde la Ziwa Tanganyika, na huyo hujulikana kwa pezi la nyama analorithi, mgongoni karibu na mkia. Mwuzaji mkweli atawaambia wazazi walitoka kituo gani, walizalishwa lini, na vifaranga vina uzito gani. Akikosa majibu hayo akabaki na jina la Kilatini, msilipe hata shilingi ya ziada. Na msimwage chotara wala ukoo wa kigeni kwenye lambo linalofurika kuelekea Manonga. Kambare wa Wembere wamestahimili ukame wa bonde hilo kwa vizazi vingi, na urithi huo ukishachanganywa hautenganishwi tena.

Swali: Kambare mamba naye ni Clarias gani?

Si Clarias. Ni kamongo, Protopterus aethiopicus, samaki mwenye mapafu, na hana undugu wa karibu na kambare.

Swali (kutoka kwa walimu wa sekondari watatu): Perege aliitwa Tilapia, kisha Sarotherodon, sasa Oreochromis. Tuwafundishe nini wanafunzi?

Fundisheni Oreochromis, na fundisheni sababu, kwa kuwa kesi hii ni tofauti na ya kambare. Pale spishi tatu zilikuwa moja. Hapa spishi zimebaki zilezile na kilichobadilika ni kundi zinamowekwa. Ethelwynn Trewavas wa Jumba la Makumbusho la London aliziangalia kwa namna zinavyolea. Tilapia halisi hutaga mayai chini na wazazi hulinda. Sarotherodon hubeba mayai mdomoni, na baba hushiriki au hubeba peke yake. Kwa Oreochromis, mayai hubebwa na mama tu. Kitabu chake kikubwa cha 1983 kiliweka mgawanyo huo, na jina Oreochromis halikubuniwa hapo: Günther alikuwa amelitoa mwaka 1889 kwa samaki wa Ziwa Chala, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wanafunzi wataona pia jina la spishi esculenta limekuwa esculentus, kwa sababu Tilapia huchukuliwa kuwa jinsia ya kike na Oreochromis ya kiume, na sifa lazima ifuate. Mabano yanayozunguka jina la mwandishi, kama (Graham 1928), yanaonyesha kwamba aliyemtaja samaki kwanza alimweka kwenye jenasi nyingine. Yasifutwe.

Swali: Kwa nini wasitumie majina ya wenyeji?

Yametumika: perege wa Malagarasi anayeitwa karomo ni Oreochromis karomo, jina lililochapishwa na Max Poll mwaka 1948.

Swali: Vinasaba haviwezi kubomoa yote haya?

Vinaweza kubomoa sehemu, na hilo halipunguzi thamani ya kazi ya Teugels. Hoja yake ilijengwa juu ya umbo, na samaki wanaofanana kwa umbo wanaweza kuwa wametengana kwa muda mrefu bila kuonyesha. Ikithibitika kwamba kambare wa Afrika Mashariki ni spishi yake, jina la Peters litarudi siku hiyohiyo, kwa kuwa jina lililowekwa chini ya jingine halifutwi. Lakini wanaolitamani mossambicus wasifurahi mapema. Ikiwa samaki wetu ataungana na wa Nile dhidi ya wa kusini, jina halali litakuwa lazera, la 1840, na mossambicus litabaki chini. Kwa hiyo anayetaka kulirudisha aonyeshe mambo mawili: kwamba samaki wetu ni tofauti na wa Mto Orange, na kwamba ni tofauti na wa Nile. Kuonyesha kwamba sampuli za Tabora zina tofauti ndogo na za Afrika Kusini hakutoshi. Samaki walioenea bara zima hutofautiana kila mahali kidogokidogo, na ukichukua miisho miwili ukaacha yaliyo katikati, utajitengenezea mpaka.

Kwa sasa, anayetafuta kumbukumbu za kambare wa Tanzania asitafute jina moja tu. Kazi za kabla ya miaka ya 1980 kuhusu uzazi wake, chakula chake na uvuvi wake katika maziwa yetu zimo chini ya mossambicus. Nimesoma mapendekezo ya miradi yanayodai kambare wa nchi hii hajachunguzwa, kisa mwandishi aliandika gariepinus kwenye kompyuta na hakupata kitu. Huo ni uzembe, na fedha za umma hulipia kurudia kilichokwisha julikana.

Swali: Nikivua kambare asiyefanana na wengine, nifanye nini?

Inawezekana umepata spishi nyingine kweli, maana si kila kambare ni gariepinus. Bonde la Malagarasi lina Clarias wadogo kama theodorae na liocephalus, ambao sokoni huchukuliwa kuwa watoto wa kambare mkubwa. Mpige picha ya ubavu, na nyingine ya kichwa kutoka juu. Kata kipande cha pezi ukitie kwenye spiriti kali, kisha ndipo samaki mzima ahifadhiwe kwa formalini na mtu mwenye glavu na ujuzi, kwa sababu formalini huharibu vinasaba. Andika kwa penseli, kwani wino huyeyuka kwenye spiriti: mto au lambo, kijiji, tarehe, na chombo kilichotumika kuvua. Mpelekee afisa uvuvi wa wilaya amfikishe kwa taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ambayo ina kituo Kigoma. Picha ya simu isiyo na mahali wala tarehe haimsaidii mtu yeyote, na samaki aliyekwisha banikwa hutoa kidogo sana, ingawa mifupa ya kichwa chake bado hufaa, hivyo usiitupe.