Chombo Gani cha Kulishia Ndege?

Swali: Msomaji wa Diani anataka ndege wa porini wamjie uani. Anunue chombo gani?

Jibu: Asinunue sinia la wazi. Hilo ni karamu ya tumbili na kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890, ambaye hula hata mayai na makinda ya wenzake.

Kinachofaa ni chombo cha kuning'inizwa, kilichozungushiwa wavu wenye matundu ya upana wa vidole viwili. Mnana hupenya, kunguru hubaki nje. Mawele kidogo yanatosha, na chombo kioshwe kila wiki. Tumbili wakikizoea, kiondolewe.

Chozi hafuati nafaka. Hung'ang'ania ua la shubiri, akizamisha mdomo wake uliopinda kufyonza nekta. Basi msomaji apande shubiri, kisha aweke beseni la maji ya kina kifupi, ayabadilishe kila siku.