SÆMUNDUR WA ODDI NA SHULE NYEUSI



Katika namba hii tunataka kujifunza maisha ya mutu wa Islandi, kisiwa cha baridi kali kilicho kaskazini ya Bahari Atlantika. Jina lake ni Sæmundur Sigfússon. Herufi ya pili someni karibu na «ai», ni kusema Saimundur. Alizaliwa mwaka 1056, akafa mwaka 1133. Alikuwa padri wa Oddi, fasi ya kusini ya kisiwa, na watu wa kwao walimupa jina la Mwenye Elimu. Njo yeye aliyeanzisha shule ya Oddi. Lakini katika hadithi zinazosimuliwa juu yake, shule hiyo haionekani sana. Inayoonekana ni shule ingine, Shule Nyeusi, na Sæmundur mwenyewe anakuwa mulozi mukubwa kupita wote.

Tulijiuliza: namna gani mutu aliyeleta elimu katika inchi yake anabaki katika vinywa vya watu sawa mulozi?

Tuanze na hadithi, juu ni tamu, na mwenye hajazisikia hataelewa mengine.

Wanasema kwamba Sæmundur alipokuwa kijana alivuka bahari, akaingia Shule Nyeusi. Ilikuwa nyumba chini ya udongo, haina dirisha hata moja, giza usiku na muchana. Vitabu vyake vilikuwa na herufi za moto, kwa hiyo wanafunzi walisoma bila taa. (Sisi tunaojua taabu ya kusoma wakati umeme umekatika, tunaweza kuwaonea wivu kidogo.) Mwalimu hakuonekana. Chakula kililetwa na mukono wa rangi ya majivu, wenye manyoya, uliotokea ukutani kila siku. Mwanafunzi hakuruhusiwa kutoka inje mbele ya kumaliza, na kumaliza kulikuwa miaka mitatu mpaka saba. Na malipo? Wanafunzi wakiisha kumaliza, mwenye kutoka wa mwisho alikuwa mali ya mwalimu. Mwalimu yule alikuwa Shetani.

Siku ya kutoka, wote walisukumana mulangoni sawa watu wanaokimbia nyumba inayowaka. Sæmundur akasema: Mimi nitakuwa wa mwisho. Akajitupia joho mabegani bila kulifunga. Alipokanyaga kizingiti, Shetani akashika joho, Sæmundur akaliacha mukononi mwake, akaenda zake. Wengine wanasimulia vingine: jua lilikuwa linapiga pale mulangoni, kivuli chake kikaanguka ukutani nyuma yake, na Shetani alipotaka kumukamata, Sæmundur akamuonyesha kivuli: Yule njo wa mwisho, kamata yeye. Toka siku ile alitembea bila kivuli.

Kiisha kulikuwa kurudi kwao. Padri wa Oddi alihitajika, watu watatu walitaka kazi hiyo, na mufalme akasema atakayefika wa kwanza ataipata. Sæmundur akamuita Shetani: Univukishe bahari. Ukinifikisha bila nguo yangu kulowana, mimi ni wako. Shetani akajigeuza sili, nyama wa bahari mwenye mwili wa mviringo na mapezi, akamubeba mugongoni. Njia nzima Sæmundur alikuwa anasoma Kitabu cha Zaburi. Walipokaribia inchi kavu, akakifunga kitabu, akamupiga sili nacho kichwani. Sili akazama, Sæmundur akalowana mpaka shingoni, akaogelea akafika. Kazi ya Oddi akaipata, na Shetani hakupata kitu, juu nguo ililowana.

Iko ingine moja hatuwezi kuiacha. Sæmundur alikuwa na muchungaji wa ngombe aliyetukana sana. Akamuambia kwamba pepo mudogo anakula matukano ya watu, njo chakula chake. Muchungaji akacheka. Sæmundur akamuweka pepo mumoja katika zizi. Pepo akaanza kuharibu kila kitu ili muchungaji akasirike, na kila tukano lilimunenepesha. Muchungaji alipoelewa, akafunga kinywa, akavumilia, na pepo akakonda, akakonda, mpaka akawa mifupa tu. Tunawaomba wale wanaopanga musitari penye robine asubuhi wafikiri ni pepo wangapi wanene wanaoishi pale.

Sasa tuone mambo yenyewe, na tuyaone polepole, kwa sababu hapa njo somo letu liko.

Islandi ilipokea Ukristo karibu na mwaka 1000. Sæmundur alizaliwa miaka kama 56 nyuma yake. Babu wa watu wa rika lake walikuwa wameabudu miungu ya zamani. Vitabu vilikuwa vichache kabisa. Kijana huyu alikwenda ngambo kusoma, na Ari Þorgilsson, aliyeandika historia ya kwanza ya Islandi katika luga ya kwao, anasema kwamba Sæmundur alirudi kutoka Ufaransa, akawekwa kuwa padri. Ilikuwa kama mwaka 1077. Ari huyo alipomaliza kitabu chake aliwaonyesha maaskofu wawili wa inchi, na alimuonyesha Sæmundur pia. Ni kusema, hata mwenye kuandika historia alitaka kwanza jicho la Sæmundur lipite juu ya karatasi. Sæmundur mwenyewe aliandika habari za wafalme wa Norwe katika Kilatini. Kitabu kile kilipotea. Tunajua kilikuwako kwa sababu waandishi waliomufuata wanakitaja.

Jambo la pili ni zaka. Mwaka 1096 au 1097 Askofu Gizur Ísleifsson aliweka sheria ya zaka, na Sæmundur alikuwa mumoja wa washauri wake. Kila mutu alipaswa kuhesabu mali yake mwenyewe na kuapa kwamba hesabu ni ya kweli, kiisha kutoa sehemu moja katika mia kila mwaka. Iligawanywa mara ine: kwa askofu, kwa kanisa, kwa padri, na kwa masikini. Ari anashangaa kwamba watu walikubali bila kupigana, juu walimupenda askofu na waliamini mashauri ya Sæmundur. Ndugu wasomaji, kuwaambia watu wa inchi nzima wahesabu mali yao na kuilipia, na vita isitokee! Kwetu sisi hii ni ajabu kubwa kupita ya sili.

Na jambo la tatu, shule. Oddi haikuwa na majengo makubwa sawa tunavyofikiri tukisikia neno shule. Ilikuwa nyumba ya padri, kanisa, vitabu, na vijana waliokaa pale kujifunza Kilatini, sheria na habari za zamani. Sæmundur alipokufa haikufa naye. Mwana wake Eyjólfur alifundisha pale, na mumoja wa wanafunzi wake alikuwa Þorlákur Þórhallsson (herufi ya kwanza ni «th»), aliyekuwa askofu wa Skálholt toka mwaka 1178. Mujukuu, Jón Loftsson, alikuwa mukubwa aliyesikiwa kupita wote katika Islandi ya wakati wake. Jón njo alipokea mutoto mudogo aliyeitwa Snorri Sturluson, aliyezaliwa mwaka 1179, akamulea pale Oddi. Snorri alipokomaa akaandika Edda, kitabu cha kufundisha mashairi na hadithi za miungu ya zamani, na anajulikana kuwa mwandishi wa Heimskringla, historia ndefu ya wafalme wa Norwe. Leo mutu yeyote wa dunia anayetaka kujua watu wa kaskazini walifikiri nini mbele ya Ukristo, anapita kwa Snorri. Na Snorri alipita kwa Oddi.

Basi, ulozi ulitoka wapi?

Hadithi ya kwanza ya namna hii inapatikana katika kitabu cha maisha ya Askofu Jón Ögmundarson wa Hólar, kilichoandikwa mwanzoni mwa karne ya 13, miaka kama 80 kiisha Sæmundur kufa. Kitabu kinasema Jón alimukuta Sæmundur ngambo kwa mwalimu wa nyota, amesoma sana mpaka amesahau jina lake mwenyewe. Walimuita Kollur, naye aliitika. Jón akamukumbusha: wewe ni Sæmundur, mwana wa Sigfús, wa Oddi. Wakatoroka usiku. Mwalimu akaangalia nyota ili ajue wako wapi, nao wakamudanganya kwa maji yaliyotiwa katika kiatu, mpaka akafikiri mwanafunzi wake amezama. Pale hakuna Shetani bado, hakuna mukono wenye manyoya. Kuna tu mwalimu asiyetaka kumuachilia mwanafunzi, na mwanafunzi aliyesahau kwao. Vingine viliongezwa kidogo kidogo, na vilipokusanywa na Jón Árnason na kuchapishwa mwaka 1862 mpaka 1864, vilikuwa vimekwisha kuwa kitu kizima.

Sisi tunafikiri hivi. Watu wa Islandi walimuona kijana akienda, hawakuona alikokwenda. Akarudi anajua kuhesabu siku za sikukuu, anajua luga isiyosikiwa, anaangalia alama nyeusi juu ya ngozi ya ndama na anasema maneno ya watu waliokufa zamani. Miaka ya kukaa chini, ya njaa, ya kurudia kosa moja mara kumi, ile hawakuiona. Nyumba isiyo na dirisha ni macho yao wenyewe: walikuwa inje, na mulango ulikuwa umefungwa. Hata mulima Hekla, unaoonekana kutoka Oddi na uliolipuka mwaka 1104 wakati Sæmundur alipokuwa hai, watu wa Ulaya waliuita mulango wa jehanamu. Siye tunaokaa na Nyiragongo tunajua ni mulima.

Musiseme basi kwamba hadithi hizi ni muchezo tu. Katika inchi ile ile iliyochekea joho na sili, karne ya 17 ilileta moto. Toka mwaka 1625 mpaka 1683 watu kama 20 walichomwa juu ya ulozi, karibu wote wanaume. Kuonekana na karatasi yenye alama za siri kulitosha kukuingiza katika mashitaka. Wale hawakuwa na joho la kuacha mulangoni.

Na kwetu? Kila mwaka Egzamen ya Serikali ikikaribia, maneno ya dawa yanaanza. Kuna wenye kuuza kalamu «iliyofanyiwa kazi», kuna majani ya kunawa uso asubuhi. Na mwenye kupata pointi nyingi haulizwi alisoma saa ngapi. Anaulizwa alikwenda kwa nani. Mwaka uliopita mwenzetu mumoja, jina na darasa hatutaji, alikaa wiki mbili bila mutu wa kula naye meza moja, juu alipata 9 juu ya 10 katika hesabu mara tatu kufuatana. Walisema amefunga akili za wengine. Sisi tuliokuwa naye katika masomo ya jioni tunajua alifanya nini: alirudia mazoezi ya kitabu toka la kwanza mpaka la mwisho, na aliyoshindwa aliyapeleka kwa mwalimu asubuhi mbele ya kengele. Daftari lile bado liko, yeyote anaweza kuomba kuliona.

Tunawakumbusha kwamba sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mutoto inakataza kumushitaki mutoto kwamba ni mulozi, na inatoa azabu ya kifungo. Ile ni ya Serikali. Kwa upande wa Maandiko, someni Danieli sura ya 1, muone vijana wane walivyotafutiwa mwalimu, wakasoma miaka mitatu, kiisha wakapita waganga wote wa mufalme. Kiisha someni Matendo sura ya 8, habari za Simoni aliyefikiri kwamba nguvu za Mungu zinauzwa, mulinganishe na muuza kalamu.

Mbele ya jengo kubwa la Chuo Kikuu cha Islandi, katika muji wa Reykjavík, kuna sanamu iliyofanywa na Ásmundur Sveinsson. Inaonyesha Sæmundur juu ya mugongo wa sili, kitabu kiko juu, karibu kushuka. Wanafunzi wanapita pale wakienda darasani. Oddi nayo iko, na kanisa lake liko. Fasi ya Shule Nyeusi haijaonyeshwa na mutu.

Mwenye swali au mwenye kupinga haya aandike karatasi na aitie katika sanduku la gazeti, mulango wa biblioteki, mbele ya Ijumaa. Karatasi isiyo na jina itasomwa pia, lakini yenye matukano itapelekwa zizini.