Kupanga Nyumba Lushoto: Tazama Jua Kabla ya Vyumba

Umehamishiwa Lushoto kikazi, au umechoshwa na joto la Dar na unataka watoto wakulie kwenye hewa ya milimani. Karibu. Ila kabla hujapanda gari pale Mombo, elewa jambo moja: huku unapanga kilima kwanza, nyumba baadaye. Nyumba mbili zenye vyumba vitatu kila moja, kodi ileile na rangi ileile, zinaweza kukupa maisha tofauti kabisa. Moja inapigwa na jua mapema asubuhi. Nyingine inakaa kivulini mpaka saa nne, na nguo zako hazikauki.

Basi anza na jua. Mji wenyewe uko bondeni, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na milima imeuzunguka. Usikubali kuonyeshwa nyumba mchana tu, maana mchana kila sehemu ina mwanga. Nenda saa mbili au saa tatu asubuhi usimame mlangoni. Kama jua bado halijafika, muulize jirani hufika saa ngapi.

Fungua dira kwenye simu yako. Kuanzia Juni mpaka Agosti, wakati wa baridi kali, jua hupita upande wa kaskazini. Sebule yenye madirisha ya kaskazini au mashariki itakusaidia sana miezi hiyo. Nyumba iliyobanwa na mlima upande wa kaskazini itakuwa baridi kipupwe chote, hata ukinunua mapazia mazito kiasi gani.

Chagua pia kimo. Soni, katikati ya njia ya kutoka Mombo, iko chini zaidi ya mji wa Lushoto na ina joto kidogo. Magamba iko juu, karibu na msitu wa hifadhi, na baridi yake ni ya kweli: ukungu unaweza kuingia hadi uani. Irente iko upande wa ukingo wa milima, ambako ardhi inakatika ghafla ukaiona nyika ya Mazinde chini, na upepo huko hauna mzaha. Kama una mtoto mchanga, mzee, au mtu mwenye pumu nyumbani, mimi ningekushauri uanzie mjini au Soni. Magamba ni pazuri mno, lakini mpe mwenzako nafasi ya kulala huko usiku mmoja wa Julai kabla hamjatoa pesa.

Sasa geuka nyuma ya nyumba. Viwanja vingi kwenye milima hii ya Usambara vimechongwa ubavuni mwa mlima, kwa hiyo nyuma ya nyumba utakuta gema. Litazame kwa makini zaidi kuliko unavyotazama vigae. Je, kuna ukuta wa mawe unaolishikilia, wenye matundu ya kutolea maji? Kuna mfereji unaoyapeleka maji pembeni? Ukiona miti imeinama kuelekea nyumbani, nyufa mbichi kwenye udongo, au udongo mwekundu umerundikana dhidi ya ukuta wa jikoni, shukuru na uondoke. Maporomoko ya masika hayangoji mkataba uishe. Na kama bado nyumba hiyo ndiyo unayoipenda, hakikisha walau vyumba vya watoto haviko upande wa gema.

Ukipata nafasi ya kuchagua, tafuta nyumba wakati wa mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ukienda Januari utapenda kila kitu. Kama huwezi kungoja, soma alama ambazo mvua imeacha. Inama uangalie chini ya kuta, kiasi cha magoti kwenda chini: rangi iliyobabuka au chumvi nyeupe ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Inua macho darini utafute madoa ya duara. Vuta kabati kidogo unuse nyuma yake. Ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya huku mingine imeachwa ni swali la kumwuliza mwenye nyumba, kwa upole: "Mzee, hapa palikuwa na nini?"

Maji. Watu hudhani mlimani maji hayakatiki, kwa sababu vijito viko kila upande. Usimwulize dalali kama maji yapo, atasema yapo. Mwulize mama wa nyumba ya pili: yanatoka siku ngapi kwa wiki, na Februari na Septemba hali huwaje? Fungua bomba mwenyewe. Angalia kama kuna simtanki, limekaa juu kiasi gani, na kama linajazwa na bomba au na maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Kama mnatumia chemchemi, panda mpaka ilipo. Ukikuta choo cha mtu au zizi juu yake, maji hayo yachemshwe daima, hakuna mjadala.

Na ukiwa huko juu, tazama majirani wanalima nini. Mabonde ya Lushoto ni mashamba ya kabichi, karoti, viazi na nyanya, na mboga hizo hupuliziwa dawa. Nyumba iliyopakana na shamba la nyanya inaweza kuwa tulivu kabisa na bado isifae kwa mtoto anayecheza uani. Uliza hupulizia siku gani, upepo huelekea wapi, na makopo ya dawa hutupwa wapi. Mkulima mwungwana atakuambia, na mkizoeana atakutumia ujumbe asubuhi ili ufunge madirisha.

Utulivu nao upimwe kwa masikio. Nyumba ya barabarani inaonekana rahisi kwa usafiri, lakini malori ya mboga yanayoteremka kutoka juu hayajali usingizi wako, na breki zao kwenye kona zinasikika mbali. Pita mtaani Ijumaa au Jumamosi saa tatu usiku. Ukisikia spika za baa mpaka chumbani, umeshapata jibu. Kwa familia, nyumba ya mita mia mbili au tatu kutoka barabarani, yenye njia ambayo bajaji au bodaboda inafika hata kukiwa na tope, ni bora kuliko zote.

Hiyo njia itembee kwa miguu, na mtoto umshike mkono. Kilomita moja ya mlimani ina kupanda, kushuka na utelezi. Tembea kutoka nyumbani hadi shule, kisha kutoka shule hadi nyumbani, maana moja kati ya safari hizo mbili itakuwa ya kupanda. Hesabu dakika. Mwezi Julai saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua bado halijachomoza, na ukungu unaweza kuwa umetanda. Mtoto wa darasa la kwanza atapita hapo na nani? Pima pia umbali hadi Hospitali ya Wilaya, na upate namba ya dereva mmoja anayekubali kuitwa usiku.

Ukitosheka na mahali, ndipo ugeukie pesa na karatasi. Usimlipe dalali kodi. Ada yake, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, mpe baada ya mkataba kusainiwa na ufunguo kuwa mkononi mwako. Karibu na Chuo cha Uongozi wa Mahakama vyumba hugombewa masomo yanapokaribia kuanza, na madalali huharakisha watu. Ukiweza, hamia miezi mingine. Usipoweza, tafuta upande wa pili wa mji.

Jua nani hasa mwenye nyumba. Nyumba nyingi za huku ni za watu wanaoishi Tanga au Dar, na ndugu ndiye anayeshika funguo. Nyingine ni za mirathi ambayo haijagawanywa, na mwaka ujao atatokea kaka wa tatu kudai chake. Mwulize balozi au mwenyekiti wa kitongoji. Mpigie mwenye nyumba simu, uongee naye mwenyewe. Kama msimamizi ndiye atakayesaini, aonyeshe barua ya kumruhusu. Nyumba ya familia iwe na saini za wanafamilia zaidi ya mmoja. Hili si kumshuku mtu. Linamlinda hata yule ndugu anayekukabidhi funguo.

Kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo bado ndiyo desturi. Jaribu kuomba miezi mitatu, hasa kwa mara ya kwanza, ili upitie angalau msimu mmoja kabla ya kujifunga. Nenda kwa heshima: shikamoo kwanza, habari za familia, kisha hoja. Mama mwenye nyumba anayekuona una kazi, watoto na adabu, mara nyingi hulegeza. Lipa kwa benki au kwa simu ili muamala ubaki na kumbukumbu, na kama ni taslimu, dai risiti yenye saini palepale.

Mkataba uwe wa maandishi, hata kama mwenye nyumba ni mwalimu wako wa zamani. Uwe na majina kamili na namba za vitambulisho, kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na kuisha, muda wa notisi kwa pande zote, na nani anatengeneza nini. Andika wazi kwamba kodi haipandi kabla ya tarehe fulani. Ile Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo usitegemee serikali ikukadirie kodi. Kinachokulinda ni kile mlichoandika. Ukipenda mkataba wako upokelewe bila tabu ukifika mahakamani, ulipiwe ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka.

Weka na mambo ya uani. Huku nyumba nyingi zina miti ya plamu, peasi au parachichi, na kipande cha ardhi kinachofaa mchicha. Nani anavuna? Unaweza kufuga kuku? Unaweza kulima mpaka wapi? Ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia kwenye mti uliozaa vizuri. Kama uko jirani na msitu wa Magamba, usipande mahindi mlangoni ukitegemea kuyala; kima watakutangulia.

Umeme una hesabu yake. Uliza kama mita ya LUKU ni yako peke yako. Mita ya pamoja ina ubaya mara mbili: mtagombana, na matumizi yenu yakijumlishwa yanavuka uniti 75 kwa mwezi, kikomo cha bei nafuu ya watumiaji wadogo, ambao hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Kisha kuna kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayeingiza tokeni ni wewe. Kubalianeni ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Na kabla ya kuhamia nunua umeme kidogo kwa namba ya ile mita, uone kama kuna deni la mpangaji aliyetangulia.

Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha kila chumba, kila kioo kilichopasuka, kila bomba linalovuja. Mtumie mwenye nyumba picha hizo siku hiyohiyo. Badilisha vitasa vya milango ya nje.

Halafu baridi. Nunua mablanketi Lushoto kwenyewe, sokoni, kwa wanaojua uzito unaofaa. Magodoro yainue kwenye vitanda na uyaache mbali na kuta za nje kwa upana wa kiganja. Fungua madirisha saa tano hadi saa tisa, jua likiwepo, hata kama unahisi baridi; nyumba isiyopitisha hewa huota ukungu kwenye viatu na mabegi ya shule.

Jambo hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao: usilale na jiko la mkaa chumbani. Hata dakika kumi baada ya moto kufifia. Hata mlango ukiwa wazi kidogo. Sumu inayotoka kwenye makaa, kaboni monoksaidi, haina harufu na haikuamshi. Ota moto sebuleni dirisha likiwa wazi, kisha litoe jiko nje kabisa kabla mtu yeyote hajalala. Kwa watoto, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuvishwa soksi inatosha chini ya blanketi. Mwambie dada wa kazi, mwambie na mgeni. Nyumba za zamani za mawe zenye dohani ni bahati, ila mwite fundi aisafishe dohani kabla hujawasha.

Wiki ya kwanza, nenda na mwenzako kwa mwenyekiti wa kitongoji mkaandikishwe. Pitieni kwa balozi na nyumba tatu nne za jirani. Mkiwa wageni wa Wasambaa, wenyeji wa huku, ombeni mfundishwe salamu yao na muitumie. Mtaitikiwa kwa furaha. Uliza kuhusu msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kutengeneza njia au mfereji, na siku ikifika uende na jembe, au utume mtu.

Mkishindwana na mwenye nyumba, anza hapohapo kwa mwenyekiti. Ikishindikana, peleka shauri baraza la kata kwa usuluhishi. Baraza hilo lina siku 30. Zikipita bila muafaka, chukua mkataba, risiti na zile picha za siku ya kwanza, uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.