Punguza ugali, usiufukuze mezani

Ukitoka Kakamega kuelekea Kisumu, utapita Khayega kisha ufike Sigalagala, mahali panapojulikana kwa chuo chake cha ufundi na soko la kando ya barabara. Hapo, kama kwingineko Magharibi mwa Kenya, mtu aliyekula wali, chapati na viazi atakuambia bila kutania kwamba bado hajala, maadamu hajauona ugali. Ndiyo maana nilishangaa familia ya mwalimu mmoja mstaafu wa huko iliponieleza kwamba mzee alikuwa ameacha ugali kabisa kwa siku tisa.

Mwalimu huyo ana kisukari cha aina ya pili, na kwa miaka kadhaa amekuwa akimeza vidonge vya glibenclamide. Mwanawe anayefanya kazi Nairobi alimpigia simu akamshauri aache kila chakula cha wanga, kwa sababu mwenzake wa ofisini alikuwa amepungua kilo nyingi kwa njia hiyo. Mzee akatii. Akawa anakula mayai, kuku na mboga, na vidonge akaendelea kuvimeza asubuhi na jioni kama kawaida. Siku ya tisa alikutwa sebuleni akitokwa na jasho, akitetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Jirani alidhani amelewa. Bahati nzuri bado aliweza kumeza, na mjukuu wake akamnywesha maji yenye sukari nyingi kabla ya kumkimbiza hospitalini.

Mpenzi msomaji, huenda wewe ndiwe mwana huyo aliyepiga simu. Ushauri wake haukuwa wa kijinga. Kupunguza wanga humsaidia mtu mnene na mwenye kisukari cha aina ya pili. Kosa lilikuwa katika kipimo, na katika kutouliza baba anameza dawa gani. Glibenclamide huilazimisha kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hukula. Insulini ikitoka na tumbo halina wanga, sukari ya damu hushuka hadi ubongo unakosa nishati yake.

Hatari hiyo ni ya wanaotumia dawa za namna hiyo au insulini. Lakini kuna jambo lingine linalomhusu hata asiye na kisukari. Mwili unapokosa wanga kwa siku kadhaa, ini huanza kuyageuza mafuta kuwa ketoni, ambazo ubongo na misuli huzitumia badala ya sukari. Hali hii huitwa ketosisi. Anayeingia humo huenda akaumwa na kichwa, akachoka, akafunga choo, na pumzi yake ikanuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ketosisi yenyewe si sumu. Mwaka wa 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic huko Marekani alipendekeza mlo wa kuileta makusudi ili kutibu kifafa, na hadi leo hutumika kwa baadhi ya watoto wenye kifafa kisichosikia dawa. Lakini watoto hao husimamiwa na daktari na mtaalamu wa lishe. Hawakuanzishiwa mlo huo kwa simu.

Swali basi ni hili: je, mtu anaweza kupunguza wanga bila kufika huko? Anaweza, tena bila shida kubwa. Watu wengi huingia katika ketosisi wanapokula wanga usiozidi gramu 50 hivi kwa siku. Kwa upande mwingine, wataalamu wa lishe wa Marekani waliweka gramu 130 kwa siku kuwa kiasi cha kumtosha mtu mzima, wakikadiria sukari ambayo ubongo hutumia. Ukikaa karibu na gramu 130, utakuwa umepunguza sana ukilinganisha na walaji wengi wa ugali, na bado utakuwa mbali na ketosisi.

Hebu tupige hesabu ya jikoni. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa gramu 75 hivi. Watu wanne wakimaliza kilo moja ya unga katika chakula cha jioni, jambo la kawaida kabisa kwetu, kila mmoja amekula wanga wa gramu 190 kwa mlo mmoja, kabla hatujahesabu chai ya asubuhi. Nawe uliye mjini usimcheke mtu wa Sigalagala. Soda ya nusu lita pekee ina sukari ya gramu 50 hivi, na chapati moja kubwa haiko mbali na hapo. Kwa maoni yangu, anayetaka kupunguza wanga aanze na soda, mandazi na vijiko vya sukari kwenye chai. Ugali ungoje zamu yake.

Siku ya gramu 130 au 140 inaweza kwenda hivi. Asubuhi, chai ya maziwa isiyo na sukari, mayai mawili na kipande cha nduma kisichozidi kiganja chako. Mchana, kikombe kimoja cha maharagwe, mboga kwa wingi na nusu ya parachichi. Alasiri, chungwa. Jioni, ugali wa ukubwa wa ngumi moja, na nafasi iliyobaki kwenye sahani ijazwe mrenda, managu au kunde, pamoja na omena, samaki au kuku. Mboga hizi zetu zina wanga kidogo sana, na tuna bahati kwamba upande huo wa nchi zinapatikana kwa bei nafuu. Shuka polepole kwa wiki mbili au tatu badala ya kukata yote Jumatatu asubuhi.

Nitaje hapa kosa moja ninalokutana nalo kila mara. Watu huniambia kwa fahari kwamba wamehamia ugali wa wimbi, kisha wanakula mlima uleule. Wimbi lina wanga unaokaribia kuwa sawa na wa mahindi. Faida yake ni nyuzinyuzi, ambazo huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Unga wa mahindi yasiyokobolewa nao una faida hiyo kuliko ule mweupe wa pakiti. Lakini ngumi inabaki ngumi.

Wapo wasiopaswa kujaribu haya bila kumwona daktari kwanza: wanaotumia insulini, glibenclamide au dawa za jamii yake, wajawazito, wanaonyonyesha, na wenye ugonjwa wa figo. Soma pia pakiti ya dawa yako. Ukiona jina dapagliflozin au empagliflozin, fahamu kwamba dawa hizo hutoa sukari kupitia mkojo, na anayezimeza huku akinyima mwili wanga anaweza kujaa asidi ya ketoni hata kama kipimo cha sukari hakijapanda sana. Mwenye kisukari akianza kutapika, kuumwa na tumbo na kupumua kwa kasi, apelekwe hospitalini saa hiyohiyo. Vivyo hivyo mlevi aliyeshinda siku kadhaa kwa chang'aa bila chakula.

Mwalimu wetu alipunguziwa dawa, na sasa anakula ugali kila jioni. Anaupima kwa ngumi yake mwenyewe, ingawa mkewe hudai kwamba tangu mwezi uliopita ngumi hiyo imeanza kukua.