Somo: Daftari la vitenge hulinda amani ya kikundi



Vikundi vingi vya akina mama waliohamishwa na vita huku Kivu huanza na biashara ya vitenge. Wanachanga pesa, wananunua pisi nzima kwa muuzaji wa jumla wa Goma au Bukavu, kisha wanauza vipande. Ndani ya kikundi kimoja mna wahamiaji na wenyeji, wa makabila mbalimbali. Kitambaa kikipungua, neno la kwanza huwa "mwizi", na mara nyingi la pili huwa jina la kabila. Tujifunze basi kuhesabu kitambaa, ili neno hilo lisitamkwe ovyo.

1. Hesabu yadi, si pesa peke yake

Pisi nzima ni yadi 12. Huikatwa nusu, yaani yadi 6, au vipande vya yadi 2. Tunanunua kwa dola, tunauza mara nyingi kwa faranga, na bei ya dola hupanda na kushuka. Kwa hiyo pesa ya sandukuni peke yake haionyeshi ni kitambaa gani kilichotoka. Yadi haibadiliki.

2. Pima siku ya kupokea

Fungueni kila pisi mbele ya watu wawili na kuipima. Ikiwa pungufu, ijulikane siku hiyo hiyo. Andikeni tarehe, aina ya maua, yadi na bei pamoja na usafiri. Mfano: pisi 5 kwa dola 18 ni dola 90, usafiri dola 6, jumla dola 96 kwa yadi 60. Kila yadi imetugharimu dola 1.60. Kipande cha yadi 2 kikiuzwa chini ya dola 3.20, tunakula mtaji.

3. Andika kila mkato

Mistari ya daftari ni hii: tarehe, aina, yadi zilizokatwa, aliyekata, pesa taslimu au deni, yadi zilizobaki. Kilichotolewa kwa deni kimetoka. Kiandikwe na jina la mdaiwa. Hata kipande alichopewa shangazi wa mwanachama kiandikwe.

4. Pima tena kila juma

Tuendelee na mfano wetu:
Zilizoingia: yadi 60
Vipande 4 vya yadi 6, taslimu: yadi 24
Vipande 7 vya yadi 2, taslimu: yadi 14
Kipande 1 cha yadi 6, deni: yadi 6
Zinazopaswa kubaki: yadi 16

Kikundi kinapima na kukuta yadi 15. Yadi moja haipo. Nani ameichukua?

5. Tafuta sababu kabla ya kutafuta mtu

Hesabuni mikato: ni 12. Kama muuzaji anapima kwa mkono wake, na kila mara anaongeza upana wa vidole vinne tu, mikato 12 inamaliza karibu yadi moja. Hakuna aliyeiba. Dawa ni fimbo moja iliyopimwa kwa mita, sentimita 91 na nusu, itumiwe na wote.

Kama sababu haikuonekana, fuateni njia hii: someni daftari kwa sauti, ulizeni wote waliokata, pimeni upya. Jambo lizungumzwe kikaoni, si kisimani. Na kama kweli mtu amechukua, ni yeye anayejibu, si jamaa yake wala kabila lake.

Kwa viongozi

Anayetunza daftari asitunze sanduku. Chagueni watu hao kutoka pande mbili, mhamiaji na mwenyeji. Wasiojua kusoma wachore vijiti: kijiti kimoja kwa kila yadi.

Maswali ya kujadili

– Katika kikundi chetu, nani anaweza kuona daftari, na lini?
– Kitu kilipopotea mara ya mwisho, tulipima kwanza au tulishutumu kwanza?
– Fimbo yetu ya kupimia iko wapi?