Taka Zenu Zinaishia Wapi? Maswali na majibu kuhusu kazi ya afisa uendelevu

Kazi yangu ni kuyashauri makampuni, mengi yao ya hapa Dar es Salaam, maeneo ya Posta, Gerezani na Kariakoo, yafanye biashara bila kuwabebesha wengine hasara. Maswali haya nimeulizwa na wahitimu, wafanyabiashara na majirani zangu wa Ilala, tena mara nyingi.

Shikamoo mama. Nimemaliza chuo na nasikia makampuni yanaajiri maafisa uendelevu. Ni kazi ya kupanda miti na kugawa madawati?

Marahaba mwanangu. Madawati ni msaada mzuri na shule zinayahitaji, lakini kazi yenyewe siyo hiyo. Kazi ni kuuliza faida ya kampuni inapatikanaje, na nani anabeba gharama ambayo haikuandikwa kwenye vitabu vyake. Kampuni inaweza kukabidhi madawati asubuhi mbele ya wapiga picha, na usiku lori lake likamwaga maji machafu mtaroni.

Nikiingia ofisi mpya siombi ripoti yenye jalada la kijani. Naomba bili za umeme za mwaka mzima pamoja na daftari la dizeli ya jenereta. Naomba risiti za mzoa taka. Halafu naomba orodha ya wauzaji wadogo wanaoidai kampuni, na tarehe walizoleta ankara zao. Hiyo ya mwisho huwashangaza wengi. Lakini mama lishe anayewapikia wafanyakazi akisubiri malipo yake miezi mitatu, maana yake anakopa kwa riba ili wao wale. Kwangu mimi jambo hilo linatangulia miti.

Siku yako ya kazi ikoje?

Asubuhi nakaa na wahasibu. Juni 2023 vilitolewa viwango viwili vya kimataifa vya taarifa za uendelevu, S1 na S2, na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) imevikubali. Kwa hiyo siku hizi mabadiliko ya tabianchi yanaingia kwenye meza ya mhasibu kama deni au kodi. Ni kazi ya subira na tarakimu nyingi, sina la kuongeza.

Mchana nafuata taka. Nenda Kariakoo jioni, Mtaa wa Kongo au Narung'ombe, maduka yanapofungua mizigo. Katoni inachanwa kwa kisu, kamba za plastiki zinakatwa, nailoni inavutwa na kuachwa chini. Boksi halikai. Kijana analiwahi, analikanyaga liwe bapa, analipanga kwenye guta mpaka mzigo unampita kimo. Chupa za maji zinaingia kwenye kiroba na kupelekwa kwenye mizani. Inayobaki ni nailoni nyembamba iliyochanganyika na vumbi na mabaki ya wali. Hiyo haina mnunuzi. Gari la taka likifika mapema, inakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Mvua ikitangulia, inaingia mtaroni, inafika Mto Msimbazi, na inakwenda kuziba Jangwani.

Nimesoma ripoti nyingi za makampuni yanayojisifu kwamba taka zao zinarejelezwa. Anayefanya kazi hiyo ni yule kijana wa guta. Hana glovu, hana bima, na jina lake halimo kwenye ripoti yoyote. Nikipewa rasimu ya ripoti ya namna hiyo, swali langu la kwanza ni yeye analipwa nini.

Kwa nini mabosi wakusikilize?

Wengine wanaogopa sheria. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kila mfanyabiashara wa Kariakoo anakumbuka Juni 1, 2019, siku mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Mtu akikutwa anaitumia, faini ni kati ya shilingi 30,000 na 200,000.

Ila mimi huwakumbusha kesi ya Tabata, ambayo vijana wengi hawaijui. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, hapa hapa Ilala, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililowajazia moshi, nzi na harufu. Mahakama Kuu iliamuru dampo lisimame. Jiji likawa linaomba kuongezewa muda, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira akalikatalia. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Watu wa kawaida waliishinda mamlaka ya jiji miaka mingi kabla ya sheria ya 2004. Bosi anayedhani majirani wa kiwanda chake watanyamaza milele aisome kesi hiyo.

Wengine wanasikiliza kwa sababu ya fedha. Mwaka 2022 Benki ya NMB ilitoa Jasiri Bond, hatifungani (mkopo unaochangwa na wawekezaji) kwa ajili ya biashara za wanawake: ilitafuta shilingi bilioni 25, ikapata bilioni 74.2. Mwaka uliofuata CRDB ikauza hatifungani ya kijani, ikilenga bilioni 40, ikakusanya bilioni 171.8. Mwaka 2024 hata mamlaka ya maji ya Tanga ilikopa kwa njia hiyo, zaidi ya bilioni 53. Fedha ipo, na mwenye fedha anataka kuona hesabu.

Si mambo ya Wazungu haya?

Litazame Soko Kuu la Kariakoo. Lilichorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake la miavuli ya zege lilibuniwa likinge maji ya mvua na kuyashusha kwenye matangi chini ya ardhi, wakati hakuna kampuni hapa mjini iliyokuwa na afisa uendelevu. Soko liliungua Julai 10, 2021 na serikali imelikarabati. Mtoto wa shule akipita pale aambiwe paa lile lilikuwa na kazi gani.

Na nyumbani je? Familia inakuvumilia?

Inanivumilia, ingawa kwenye kamati za harusi nimepewa sifa ya ubahili. Nikishauri maji yawekwe kwenye madumu makubwa na glasi badala ya katoni za chupa ndogo, shangazi zangu wanaona nataka kuwaaibisha mbele ya wakwe. Nimeshinda mara chache. Sokoni naenda na kikapu cha ukindu, na kazini napanda mwendokasi. Mvua kubwa zikinyesha, njia ya Jangwani hufungwa, na sisi abiria tunatembea tukiwa tumeona kwa macho plastiki iliyotufungia njia.

Kinachonikosesha usingizi si hayo. Analipa mshahara wangu yule yule ninayepaswa kumwambia ukweli. Kampuni moja iliwahi kunitaka niidhinishe takwimu za taka ambazo hazikuwa na risiti hata moja. Nilikataa na mkataba ukaishia hapo. Ada ya shule ya watoto haikusubiri. Kwa hiyo, mwanangu uliyeuliza mwanzo, kabla ya kuingia kazi hii weka akiba itakayokuwezesha kukataa.

Mimi nina duka la jumla Mtaa wa Kongo. Hatifungani hazinihusu. Nifanye nini?

Kaka, zinakuhusu kidogo, maana kampuni unazonunua kwao zitaanza kukuuliza maswali. Lakini anza leo. Mwambie kijana wako wa dukani atenge nailoni safi kabla haijakanyagwa, kwani ikiwa safi na nyingi inaweza kupata mnunuzi. Mnunulie glovu anayekubebea maboksi. Mzoa taka akija, dai risiti na umuulize anakwenda kumwaga wapi. Akisitasita, peleka swali hilo kwa mtendaji wa mtaa. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, mkubaliane na majirani zako mzibue mtaro ulio mbele ya maduka yenu kabla masika hayajaanza.